Watoto wetu wanajua, saa ndo inawaangusha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nami niseme la kwangu, ni refu kidogo ila nakuomba usilikate sana maana nimekaa nalo moyoni tangu mwaka jana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, nakaa Chumbageni, na namlea mtoto wa kaka yangu ambae ametangulia mbele ya haki. Huyo kijana alisoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, kamaliza fomu siksi, akaenda JKT, na aliporudi mwezi wa 9 akanikalisha barazani akaniambia shangazi nataka nijaribu vyuo vya Marekani, kuna vyuo vinatoa skolashipu hadi kwa watu wa nje, ila vingi vinataka mtihani unaitwa SAT na nafasi ninayoiweza ni ya mwezi wa 12. Nikamwambia sawa baba, tujaribu, riziki anagawa Mungu. Hapo nilikua sijui hata huo mtihani unafananaje.

Kwa wasioujua kama mimi wakati ule niueleze kwa ufupi. SAT iko chini ya College Board ya Marekani, ilianza mwaka 1926, miaka yote hiyo ilikua ya karatasi na penseli, lakini kwa sisi tulio nje ya Marekani toka 2023 inafanywa kwenye laptopu kwa programu inaitwa Bluebook. Mtihani mzima ni masaa 2 na dakika 14 basi. Kwanza kusoma na kuandika kiingereza, maswali 54 kwa dakika 64, yamekatwa vipande viwili wanaviita moduli, kila kimoja maswali 27 dakika 32. Unapumzika dakika 10, halafu hesabu maswali 44 kwa dakika 70, nazo moduli mbili za maswali 22 na dakika 35 kila moja. Alama zinaanzia 400 mwisho 1600. Wakati wa korona vyuo vingi viliuacha huu mtihani na vingine mpaka leo ni hiari, ila MIT waliurudisha 2022, na mwaka 2024 wakafata Dartmouth, Yale, Brown na Harvard, kwahiyo mtoto anaelenga huko ni vigumu kuukwepa.

Sasa piga hesabu mwenyewe uone. Swali la kiingereza linapata kama sekunde 71, la hesabu kama sekunde 95. Na huyu mtoto katoka wapi? Katoka fomu siksi ambako pepa ya kwanza ya Advansi Mathi ni maswali 10 kwa masaa 3, yaani dakika 18 kila swali, na mtoto anatakiwa aoneshe hatua zote maana hatua zina maksi. Hapo ndo pana kiini cha barua yangu, na laiti ningekijua toka siku ya kwanza nisingetupa hela na wala nisingemuumiza mtoto.

Jumamosi ya kwanza alifanya mtihani wa mazoezi, ile ya Bluebook ipo bure kabisa, akatoka na 1090. Hesabu 610, kiingereza 480. Alinyamaza siku nzima. Mtoto alieshika namba za juu darasani kwa hesabu, walimu wake wanamsifia, anapata 610! Mimi kwa ualimu wangu nikamwambia yale tunayosema wote, kaza buti, soma zaidi, ongeza spidi. Nikamtafutia na tuisheni, nikalipa ya mwezi mzima, na kule kwa wiki nne wakampa orodha za maneno magumu ya kiingereza akariri, hamsini kwa siku. Na ye nyumbani kwa hasira akamaliza mitihani mitatu ya Bluebook ndani ya wiki mbili, mmoja baada ya mwingine bila hata kurudi kuangalia kakosa nini. Alama zikapanda kwa 20 halafu zikashuka kwa 40. Nakumbuka usiku mmoja aliniuliza shangazi kwani mimi sina akili? Hilo swali lilinikata maini, nikalala macho.

Kesho yake nikafanya jambo ambalo mzazi yeyote anaweza hata kama hajui hesabu. Nikachukua saa ya ukutani nikaitundika pale sebuleni, nikamwambia kaa hapa fanya moduli moja ya hesabu kwenye daftari na mimi ntakaa nyuma yako nakuangalia tu, sisemi kitu. Na nikaona. Swali la kwanza, jepesi la kutafuta x, kaandika kwa mpangilio mzuri kama anamwandikia msahihishaji wa NECTA, baraza letu la mitihani, kapanga mistari, alama za usawa zote ziko chini ya mwenzake, halafu jamani akachukua RULA akapigia jibu mistari miwili. Swali la pili rula. La tatu rula. Swali la sekunde thelathini linakula dakika mbili na nusu. Alipofika la 9 akakwama, akaling'ang'ania karibu dakika sita nzima, na saa iko palepale juu ya kichwa chake wala haitazami. Dakika 35 zikaisha yuko swali la 15.

Sikumlaumu hata kidogo maana hiyo rula sisi walimu ndo tumempa. Miaka 13 tumemwambia kazi safi ina maksi, panga hatua zako, usirukeruke maswali, na kwa mitihani yetu ni sawa kabisa na wala nisieleweke vibaya, mtoto wa NECTA asiache kuonesha hatua zake. Lakini kwenye SAT hakuna binadamu anaesoma hizo hatua, kompyuta inataka jibu tu. Kipande cha karatasi unachopewa ni cha kuchafua.

Halafu nikafanya kitu cha pili ambacho ndo nakisifia kuliko vyote. Saa ilipogonga dakika 35 nikachukua ile kalamu ya bluu nikampa nyekundu, nikamwambia sasa endelea hakuna muda, maliza yote yaliyobaki na yale ambayo huna uhakika nayo yarudie, hata ukae saa nzima. Tukasahihisha mara mbili. Kwa kalamu ya bluu alikua amepata 12 kati ya 22. Kwa kalamu nyekundu akafika 20. Mhariri, maswali mawili tu ndo alikua haelewi somo lake! Nane yote alikua anayajua kayapoteza kwa saa. Nilimwonesha hiyo karatasi nikamwambia umeniuliza kama una akili, jibu lako hili hapa limeandikwa kwa mkono wako mwenyewe. Mtoto alichangamka siku ile kama mgonjwa alieambiwa na daktari ugonjwa wake una dawa.

Na nilipofanya hivohivo kwa kiingereza nikakuta picha tofauti kabisa. Kwa bluu 14 kati ya 27, kwa nyekundu 17 tu. Yaani kule hata ukimpa muda wa kutosha haendi mbali, kule shida ni lugha yenyewe. Kwahiyo mtoto huyohuyo mtihani huohuo alikua na magonjwa mawili, na tuisheni walikua wanampa dawa moja kwa yote. Ndomana nasema mzazi kabla hujatoa senti kwa mtu yeyote fanya hiki kipimo cha kalamu mbili, hakina gharama. Mtoto ambae nyekundu yake inaizidi sana bluu, huyo usimwongezee mada, mfundishe kutembea na saa. Ambae zinakaribiana na zote ziko chini, huyo mwondolee saa kwanza mpaka aelewe, maana kumpigia saa mtu asieelewa ni kumfundisha woga.

Tuanze na hesabu. Watu wanadhani spidi ni kukimbia, kumbe sivyo. Nenda pale soko la Mgandini ukamwangalie mama anaemenya machungwa ya Muheza, chungwa linazunguka mkononi ganda linatoka refu halikatiki, ukimtazama usoni wala hana haraka, anakupigia na stori. Mkono umeshaelewa. Hivo ndo tulivofanya. Hatukumwambia kimbia, tulimwondolea vitu vya kufanya. Cha kwanza rula ikapelekwa kabatini. Cha pili ile programu ina kikokotoo chake ndani kinaitwa Desmos, kinaruhusiwa hesabu zote mwanzo mwisho, na kinachora grafu. Yeye alikua hakigusi, anaona kama kuibia, maana sisi kwetu kikokotoo ni kile cha mfukoni cha kawaida. Nikamwambia kama mwenye mtihani kaiweka pale mwenyewe basi sio wizi. Milinganyo miwili ambayo alikua anaitatua kwa mistari minane, anaiandika yote pale grafu zinakatana anagusa pale zilipokutana anasoma jibu. Sio kila swali linafaa hivo, mengine kwa kichwa ni upesi zaidi na ukiandika unajichelewesha, kwahiyo wiki nzima tulikua na zoezi moja tu, anatazama swali anasema kwa sauti "kichwa", "karatasi" au "Desmos", halitatui, anachagua njia tu, linalofuata. Wiki nzima! Jirani alidhani tunacheza. Lakini kule kusitasita mwanzoni mwa swali ndiko kulikokua kunamla muda, na kukaisha.

Cha tatu kuruka. Hili lilikua gumu kuliko yote maana kwa mtoto anaeheshimu kazi kuruka swali ni kama kukimbia vita. Ila ujue maswali ya hesabu ndani ya moduli yanapangwa kuanzia mepesi kwenda magumu, na swali gumu la 22 lina thamani ya kumi yale mepesi? Hapana, halina, sasa kwanini ulimwagie dakika sita? Tena ndani ya kila moduli kuna maswali mawili ya majaribio ambayo hata hayahesabiwi na wewe huwezi kuyatambua, huenda hilo unalopigana nalo ni mojawapo. Programu ina alama ya bendera, unalipiga bendera unaenda mbele, muda ukibaki unarudi, ila urudi ndani ya moduli hiyohiyo maana ikishafungwa imefungwa. Tukaweka sheria ya nyumba, sekunde 30 zikipita hujaona pa kuanzia, weka jibu la kubahatisha, bendera, mbele. Kwanini jibu la kubahatisha kabla ya kuruka? Kwasababu hawakati maksi ukikosa, walishaacha toka 2016, kwahiyo kuacha wazi ni kutupa. Majibu ni manne chagua moja hata ukifumba macho una nafasi moja kati ya nne. Yapo maswali machache ya hesabu ya kuandika jibu mwenyewe, hayo ndo bahati haisaidii.

Na kuna kitu wengi hawakijui, moduli ya kwanza ndo inaamua ya pili itakuaje. Ukifanya vizuri ya kwanza unaletewa ya pili ngumu ambayo ndo ina alama za juu, ukiboronga unaletewa nyepesi na hapo hata upate zote kuna kimo huwezi kuvuka. Kwahiyo yale mepesi ya mwanzo hayafai kufanywa kwa papara. Tulikubaliana moduli ya kwanza anatembea, anasoma swali mpaka nukta ya mwisho, maana alikua na tabia ya kutafuta x kumbe wameuliza 2x, na kwenye yale majibu manne x nayo wameiweka inamsubiri.

Muda wenyewe tuliupunguza kidogokidogo. Hatukuanza na dakika 35. Tulianza maswali 11 kwa dakika 25, ambayo ni starehe, akazoea kumaliza, halafu dakika 22, halafu 20, mpaka tukafika 17 na nusu ambayo ndo nusu ya moduli hasa. Kuzoea kumaliza ni kitu kikubwa sana jamani, yule mtoto alikua hajawahi hata siku moja kuliona swali la mwisho.

Kiingereza ndo kulikua na jasho. Zile habari zao ni fupi, maneno 25 mpaka 150, na kila habari swali moja tu. Nilimwambia asome kwa sauti halafu aniambie kichwani mwake kunatokea nini, akasema shangazi nageuza kwa kiswahili kwanza. Kumbe anasoma kila kitu mara mbili! Sio kosa lake, sisi sote hapa pwani kiingereza ni cha darasani, ukitoka getini umekiacha. Dawa yake haikua zile orodha za maneno hamsini, tulizitupa. Kila asubuhi dakika 20 anasoma kitu chochote cha kiingereza anachokipenda mwenyewe, ye alipenda mambo ya anga na mambo ya injini, na akimaliza ananiambia kwa sentensi moja ya kiingereza kilichosemwa, hapohapo, bila kugeuza. Wiki mbili za kwanza ilikua tabu, wiki ya tano nikaona midomo haichezi tena wakati anasoma. Kwenye mtihani wenyewe akawa anaanza kusoma swali ndo anasoma habari, maana kwa habari fupi hivo ukijua unachotafuta unaenda moja kwa moja. Na maswali ya sarufi, yale ya wapi mkato wapi nukta, ambayo yanakaa katikati kuelekea mwisho wa moduli, hayo kwa mtoto wetu wa kitanzania ni mali, maana yana kanuni kama hesabu. Akawa anayakimbilia mapema anayamaliza ndo anarudi nyuma kwenye yale ya kufikiri. Mazoezi ya hayo yako bure kwenye tovuti ya Khan Academy, bando tu.

Tukawa na daftari moja la makosa. Kila kosa anaandika kwa maneno yake mwenyewe kwanini alikosa, na nilikataa neno "uzembe", nikamwambia uzembe sio sababu ni tusi, niambie ulifanya nini. Ndo tukapata vitu kama "nilisahau kuweka mabano kwenye Desmos", "neno except sikuliona", "nilibadilisha jibu sahihi dakika ya mwisho kwa woga". Hili la kubadilisha lilijirudia mara saba ndani ya wiki mbili! Bila daftari tusingelijua. Akaacha, labda awe na sababu anayoweza kuitamka.

Halafu mitihani kamili ya Bluebook iliyobaki tukaibania kama sukari ya mwezi wa Ramadhani, mmoja kila baada ya wiki mbili, Jumamosi saa 2 asubuhi maana ndo muda wa mtihani wenyewe, na siku ya pili yake hafanyi jipya, anakaa na makosa ya jana tu.

Niseme na la nyumbani maana wazazi tunalaumu watoto na sisi wenyewe ni sehemu ya tatizo. Nyumba zetu mnazijua, redio ya jirani, bodaboda zinapita dirishani, mgeni akija mtoto aitwe aje asalimie, mara kachukue maji, mara katume dukani. Mtoto anafanya mtihani wa dakika 32 anaitwa mara mbili! Nilikua nafanya hivo na mimi bila kufikiri, baba njoo mara moja. Nikajikataza. Joto nalo, kuanzia Oktoba huku kwetu mchana hakufanyiki kitu cha akili, kwahiyo kazi nzito ilikua alfajiri baada ya swala na jioni tu upepo ukishaingia kutoka baharini. Na usiku saa 4 simu ninalala nayo mimi. Alinuna siku tatu, ya nne akazoea.

Hela nazo ziseme. Kujisajili ukiwa nje ya Marekani inavuka dola 100, sio kidogo, tulichanga mimi na mama zake wadogo. Laptopu tuliazima, ila tuliiazima mwezi mzima kabla, nasisitiza hili, maana mtoto akikutana na kibodi ngeni siku ya mtihani amepoteza muda kabla hajaanza. Bluebook inakutaka ufanye maandalizi ya mtihani siku chache kabla, upate tiketi yako, usingoje usiku wa mwisho. Kuhusu intaneti alikua na woga sana, tukasoma tukaelewa kwamba inahitajika kuanza na kutuma majibu mwishoni, ikikatika katikati unaendelea tu. Alivojua hivo akalala.

Mtihani aliufanyia Dar. Tulipanda basi Kange alhamisi, sio ijumaa, kama masaa sita barabarani ukijumlisha na foleni ya kuingia mjini, nikataka apate usiku mmoja wa kutoa uchovu. Ijumaa hakugusa kitabu. Asubuhi ya jumamosi nilimpikia uji na viazi, kitu alichokizoea, sio siku ya kumjaribishia mtoto supu ya mitaani. Nikamwambia neno moja tu pale getini, ukikwama bendera. Akacheka.

Majibu yalikuja baada ya wiki kama mbili, 1280. Hesabu 710, kiingereza 570. Sio 1500, na vyuo vile vya juu kabisa alama zao ni kubwa kuliko hizo, najua, lakini kutoka 1090 kwa miezi mitatu tu, mimi nililia. Ameomba vyuo kadhaa vinavyosaidia wanafunzi wa nje, tunasubiri, na huku nyumbani vyuo vyetu navyo ameomba kama kawaida kwasababu mtu mzima haegemei ukuta mmoja.

Sasa kilichonifanya niandike. Toka habari hii ienee mtaani nimejiwa na wazazi kumi na zaidi, na wengi wala sio wa SAT, ni wa fomu siksi na fomu foo, na nimewafanyia kipimo cha kalamu mbili watoto wao, na karibu kila mmoja nyekundu imeizidi bluu. Kuna binti wa HGL, yaani historia, jiografia na kiingereza, aliandika insha ya kwanza kurasa saba, ya pili nne, ya mwisho aya moja, akapata maksi za insha mbili. Anajua zote tatu! Hakuna aliewahi kukaa nae akamwambia dakika zako ni hizi zigawe, hii ikifika hapa iache. Sisi walimu tunawapa pepa za miaka iliyopita wakafanyie nyumbani, wanazifanya siku tatu wamelala kitandani na muziki masikioni, wanarudi na 80, halafu mwezi wa 5 wanaingia kwenye chumba cha masaa matatu ndo wanakutana na saa kwa mara ya kwanza ya kweli. Moko, ule mtihani wa majaribio, ipo ndio, mara moja au mbili, na wakirudishiwa wanaangalia daraja tu wanakunja karatasi.

Na wapo watoto ambao hata ufanye yote haya muda hautoshi kwasababu ya macho, au mkono, au herufi zinawachezea wakisoma. Hao wana haki ya muda wa nyongeza, College Board wanatoa ukiomba mapema kwa vithibitisho, na NECTA nao wana utaratibu wao kwa wenye mahitaji maalum. Mzazi usione aibu, nenda kwa mkuu wa shule ukaulize mapema, sio wiki ya mtihani.

Ombi langu kwa wenzangu walimu wa sekondari hapa Tanga, na kwa wanaosimamia maktaba pale mjini, na hata kwa misikiti na makanisa yenye kumbi ambazo Jumamosi asubuhi ziko tupu. Tupeni chumba kimoja. Meza, saa kubwa ya ukutani, ukimya, mlango ufungwe saa 2 kamili. Mtoto aje na pepa yake yoyote, iwe ya NECTA iwe ya SAT, na kalamu mbili. Haihitaji mwalimu wa somo, inahitaji mtu mzima mmoja wa kukaa, kusema anzeni na kusema acheni, na kuzuia simu. Mimi niko tayari kukaa kila Jumamosi bila malipo, na nina walimu wenzangu wawili wastaafu wamesema watapokezana na mimi. Mwenye chumba Ngamiani, Makorora, Mabawa, Chumbageni au popote pale mjini aniachie ujumbe hapo ofisini kwako Mhariri, ntaupitia kila Ijumaa. Saa ya ukutani ninayo, ni ileile.

Mwalimu na shangazi,
Chumbageni, Tanga